Soka au tenisi: mchezo upi ni mgumu zaidi kukuweka mjini?

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi ni mtunza viwanja katika klabu moja hapa Arusha. Kijana wangu ana miaka 12. Jioni huokota mipira ya wanachama, na mwanachama akikosa mwenza humwita acheze naye. Siku hizi baadhi yao anawashinda. Shuleni ndiye anayevaa jezi namba tisa, na mwalimu wa michezo anasema atafika mbali. Mdogo wake wa kike, miaka 9, naye ameanza kushika raketi. Watu wananiambia tenisi ina wachezaji wachache, kwa hiyo ni rahisi kutoboa, lakini soka kila mtu anacheza. Ni kweli? Mchezo upi ni mgumu zaidi ukitaka uwe kazi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nikujibu kwanza ndipo nieleze: tenisi ni ngumu zaidi, tena kwa mbali, ikiwa kufanikiwa maana yake ni mtu kulipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto kwa pesa ya mchezo. Hao wanaokuambia uchache wa wachezaji hurahisisha njia wanahesabu watu waliopanga foleni mlangoni. Hawajahesabu viti vilivyomo ndani.

Watu wakilinganisha michezo hii miwili huwataja Ronaldo na Djokovic. Mabingwa hawatusaidii kitu hapa, maana kileleni kila mchezo unalipa. Mimi hupenda kumtazama mtu wa 300 duniani. Mtu huyo ni hodari kupita kiasi. Amewaacha nyuma mamilioni. Anaishije?

Katika soka mtu wa 300 ni tajiri. Ligi tano kubwa za Ulaya, yaani za Uingereza, Hispania, Italia, Ujerumani na Ufaransa, zina klabu 96. Kila klabu ikiwa na wachezaji 25 tu, hizo ni nafasi 2,400 za kazi katika ngazi ya juu kabisa, kabla hujagusa Uholanzi, Ubelgiji, Ureno, Uturuki, Saudi Arabia, Japani au Misri. Mtu wa 300 anacheza katikati ya kundi hilo, ana mkataba wa miaka kadhaa, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia hata kama Jumamosi alikaa benchi. Mwaka 2023 FIFA ilihesabu wanaume wanaocheza soka ya kulipwa ikapata takriban 128,000, katika klabu zinazokaribia 4,000.

Wengi wao hawaogelei katika pesa. Mwaka 2016 chama cha wachezaji duniani, FIFPRO, kiliwauliza maelfu ya wachezaji katika nchi zaidi ya 50, na 45 kati ya kila 100 walikuwa wakipata chini ya dola 1,000 kwa mwezi. Watu 41 kati ya 100 walisema waliwahi kucheleweshewa mishahara ndani ya misimu miwili iliyotangulia. Kwa hiyo usidhani kila aliyesaini mkataba amemaliza shida. Hata hivyo, mtu anayelipwa dola 600 kwa mwezi, analala nyumba ya klabu na anasafiri kwa gari la klabu, ana kazi. Hakutoa chochote mfukoni ili aruhusiwe kucheza.

Sasa mgeukie mtu wa 300 wa tenisi. Shirikisho la tenisi duniani, ITF, lilipiga hesabu za mwaka 2013 kutafuta ni nafasi ipi mchezaji huacha kula hasara. Kwa wanaume ilikuwa nafasi ya 336, na kwa wanawake ya 253. Na hesabu hiyo ilikuwa ya nauli, malazi, chakula na mahitaji ya kawaida tu. Ya kocha haikuwemo. Maana yake ni kwamba mtu wa 300, hodari kiasi hicho, alikuwa akirudisha gharama zake na kubaki na chenji, na akimwajiri kocha anadaiwa. Tangu hapo zawadi zimepanda, lakini nauli na hoteli nazo hazikulala.

Nikuonyeshe wiki moja ya kazi hiyo kwa karibu. Ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa ya wanaume huitwa M15, maana yake jumla ya zawadi za shindano zima ni dola 15,000. Mashindano haya hufululiza wiki baada ya wiki mahali kama Monastir kule Tunisia au Antalya kule Uturuki, ili mchezaji akae hapo wiki tatu nne asipoteze nauli. Kijana anaruka kutoka KIA au Nairobi, analipa hoteli, anaingia kwenye droo ya watu 32. Akifungwa mechi ya kwanza, anapewa takriban dola 156 kabla ya kodi. Akishinda mechi mbili akatolewa robo fainali, kama dola 438. Akishinda zote tano akawa bingwa wa wiki nzima, dola 2,160. Na katika watu 32, 31 lazima wafungwe. Toa hapo nauli, kula na kulala, toa nyuzi za raketi zinazokatika kila siku chache, toa raketi zenyewe ambazo moja inavuka dola 200 na hakuna anayeenda kwenye mashindano na moja. Hapo ndipo utaona kwa nini nasema wengi katika tenisi hulipia kazi yao wenyewe.

Akiumia je? Mwanasoka mwenye mkataba kwenye klabu inayojiheshimu anatibiwa na mshahara unaendelea. Wa tenisi akichanika msuli wa bega, kipato chake kinasimama siku hiyo hiyo, na pointi alizokusanya za kumpandisha kwenye orodha ya ubora wa dunia zinafutika baada ya mwaka mmoja. Akirudi anaanza kupanda upya.

Waendeshaji wa tenisi wenyewe wameliona hilo. Tangu mwaka 2024 ATP, chombo kinachosimamia mashindano makubwa ya wanaume, kina mpango wa kuhakikisha kipato cha chini: mwaka huo wa kwanza ilikuwa dola 300,000 kwa mwaka kwa walio ndani ya 100 bora, 150,000 kwa nafasi ya 101 hadi 175, na 75,000 kwa nafasi ya 176 hadi 250. Mpango mzuri sana. Lakini unaishia 250, na mtu wetu wa 300 yuko nje.

Ndiyo maana kila mtu katika mchezo huu huzungumza juu ya 100 bora kama vile ni mpaka wa nchi. Droo ya Wimbledon, na ya kila shindano lingine la Grand Slam, yaani yale manne makubwa kuliko yote, ina nafasi 128, na 104 kati yake huchukuliwa moja kwa moja kwa ubora wa dunia. Wimbledon ya 2025 aliyefungwa raundi ya kwanza tu aliondoka na pauni 66,000. Mtu aliye ndani ya 100 ana uhakika wa mechi nne za namna hiyo kwa mwaka, hata afungwe zote. Aliye nafasi ya 160 inabidi apite kwenye mchujo, ashinde mechi tatu mfululizo dhidi ya watu wenye njaa kama yeye. Tofauti ya uwezo kati ya hao wawili wakati mwingine ni pointi chache katika seti. Tofauti ya maisha ni kubwa mno.

Kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 mwaka 1995. Hakuna mwanaume mwingine wa Kenya, Uganda au Tanzania aliyefika hapo tangu wakati huo. Sasa hesabu wanasoka wetu: McDonald Mariga aliyekuwa Inter Milan msimu wa 2010 walipochukua makombe matatu, mdogo wake Victor Wanyama wa Celtic, Southampton na Tottenham, Michael Olunga, Simon Msuva, Novatus Dismas. Na Samatta.

Huyu Mbwana Samatta mtazame hatua kwa hatua, maana njia yake inaonyesha jinsi soka inavyombeba mtu. Alitoka African Lyon akaenda Simba. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ikamnunua. Alikaa Congo karibu miaka mitano, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2015, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji akiwa na miaka 23. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi na Genk ikawa bingwa. Januari 2020 Aston Villa wakamchukua, akafunga mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza ugenini Bournemouth, kisha akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Katika safari yote hiyo, kila alipopanda ngazi kulikuwa na klabu iliyomlipa, ikamtafutia nyumba, ikamwekea daktari na kocha. Hakuna hatua ambayo ilimbidi auze shamba la ukoo ili asonge mbele. Na aliondoka Afrika akiwa mtu mzima. Jamie Vardy naye alikuwa na miaka 25 alipotoka ligi za madaraja ya chini kwenda Leicester mwaka 2012, na mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza. Soka inamsubiri aliyechelewa. Katika tenisi, mtoto ambaye hana seva nzuri, yaani pigo la kuanzisha mchezo, na miguu ya uwanjani kufikia miaka 15 au 16, dunia imeshampita.

Hapa niseme kuhusu mtego ambao wazazi wengi wa tenisi nchini huingia. Kwa kuwa wachezaji ni wachache, mtoto mwenye kipaji anakuwa bingwa wa mkoa haraka, akizidisha bidii anakuwa bingwa wa taifa wa umri wake. Kila mtu anampigia makofi. Mzazi anaona tumekaribia. Kumbe hajakaribia, kwa sababu tenisi haina ligi ya nyumbani ya kumlipa. Mchezaji bora wa soka Tanzania ana mkataba Simba, Yanga au Azam. Mchezaji bora wa tenisi Tanzania ana kombe sebuleni. Ngazi yake inayofuata iko nje ya nchi, kwa nauli yake.

Ila soka nayo ina ugumu wake, na ugumu huo nauogopa kwa sababu hauonekani. Kwanza umati. FIFA ilikadiria mwaka 2006 kwamba wanaocheza soka duniani ni watu milioni 265. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Ukiweka wachezaji 30 kwa kila timu hupati hata nafasi 500, na kwenye klabu kubwa sehemu ya nafasi hizo inakwenda kwa wageni. Ni kweli pesa imeongezeka, maana mkataba wa Azam TV wa mwaka 2021 ulikuwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, lakini pesa ikiongezeka na wanaozigombea huongezeka.

Pili, na hili ndilo kubwa: katika soka lazima uchaguliwe. Mwalimu wa timu ya mkoa akupende, kocha mpya asije na mtu wake, siku skauti anapokuja usiwe na malaria. Mshambuliaji anaweza kuwa hodari akasugua benchi msimu mzima kwa sababu timu inacheza na mshambuliaji mmoja na huyo mmoja anafunga. Nimewaona vijana wa ndondo, soka ya mitaani, wenye miguu ya ajabu wakiishia hapo hapo mchangani, si kwa kukosa uwezo, ila jicho sahihi halikuwaona siku sahihi. Tenisi haina jambo hilo. Ukimshinda mtu umemshinda, pointi zinaandikwa, kompyuta inakupandisha. Hakuna wakala wala mjomba anayeweza kukuweka nje. Kwa mtoto wa mtu asiyejulikana, haki hiyo ni kitu kikubwa, nami ndiyo iliyonifanya niupende mchezo huu mpaka leo.

Kwa hiyo kijana wako akienda soka kinachomkabili ni umati, na akienda tenisi ni gharama. Na kwenye gharama wewe, ndugu yangu, una kitu ambacho wazazi wengi wanaokuzidi kipato hawana. Uwanja uko mikononi mwako. Kinachowamaliza wazazi wa tenisi mwanzoni ni kulipia saa za uwanja na saa za kocha, na kijana wako anapata saa za uwanja bure pamoja na watu wazima wa kucheza nao. Rafael Nadal alicheza soka na tenisi pamoja mpaka miaka 12 hivi. Mjomba mmoja wa upande wa baba alikuwa beki wa Barcelona, na mwingine, Toni, ndiye aliyemfundisha tenisi bila kumtoza. Kocha wa bure katika familia ni mtaji ambao hauandikwi kwenye vitabu vya hesabu.

Ningekuwa wewe nisingemchagulia sasa. Miaka 12 bado anaweza kubeba vyote viwili, na miguu ya soka inasaidia sana kwenye tenisi. Ila ningemwomba katibu wa klabu ruhusa ya maandishi kijana atumie uwanja saa za mchana ambazo wanachama hawapo, ili kesho uongozi ukibadilika asifukuzwe. Ningekusanya mipira iliyochoka, ile iliyonyonyoka manyoya, ikafaa kwa mazoezi ya seva: kapu zima, kila siku, akipiga peke yake. Na ningewaomba wale wanachama waache kumpigia mpira wa kubembeleza, wahesabu pointi naye mechi nzima.

Kipimo chake kiwe mashindano ya vijana ya Afrika Mashariki ya chini ya miaka 14, yanayoandaliwa chini ya ITF na shirikisho la Afrika. Ongea na chama cha tenisi mapema ujue timu ya taifa inachaguliwaje. Akifika huko akasimama sawasawa na Wakenya na Warundi, kuna la kuzungumza, maana hapo ndipo vituo vya mafunzo na ruzuku za ITF huangalia. Akifungwa vibaya na wa umri wake mara mbili, soka ndiyo kazi ya kufukuzia na tenisi ibaki mchezo wake, na baadaye inaweza kuwa riziki ya ukocha, ambayo hapa kwetu inalipa kwa utulivu kuliko watu wanavyofikiri.

Upande wa soka mtafutie timu ya watoto iliyosajiliwa, yenye kumbukumbu za maandishi. FIFA inataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa igawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, kwa hiyo klabu yenye akili inamtunza mtoto na karatasi zake. Cheti cha kuzaliwa kisiguswe. Atatokea mtu akushauri umpunguzie miaka miwili, mfukuze. Na atatokea mwingine atakayesema anampeleka Ulaya kwa majaribio, ulipe viza na tiketi. Sheria za FIFA zinakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kwenda klabu ya nchi nyingine isipokuwa kwa sababu chache sana, na mtoto wako hayumo. Usimpe hata shilingi.

Nimemwacha binti makusudi mpaka hapa, kwa sababu kwake jibu linasogea. Soka ya wanawake imeanza kulipa: Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda Häcken ya Sweden, na mwaka 2024 akasajiliwa Brighton ya Uingereza. Lakini nafasi za mshahara wa maana kwa wanawake bado ni chache mno kulinganisha na za wanaume. Tenisi, kwa upande mwingine, ni miongoni mwa michezo michache ambayo mwanamke analipwa sawa na mwanaume kwenye mashindano yake makubwa. Tangu 2007 Grand Slam zote nne zinatoa zawadi sawa. Ugumu wa kufika 100 bora uko pale pale. Pengo kati ya michezo hiyo miwili ndilo linalopungua.

Tena kuna mlango wa masomo. Angella Okutoyi alilelewa Nairobi na bibi yake, familia isiyo na kitu cha ziada. Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya Grand Slam ya vijana, kule Australia. Julai mwaka huo huo akatwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Ungedhani baada ya hapo angekimbilia moja kwa moja kwenye tenisi ya kulipwa. Alikwenda chuo kikuu cha Auburn, Marekani, ambako timu ya chuo inampa mchezaji kocha, uwanja, safari na digrii, na Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika kule Accra. Vyuo vya Marekani vina nafasi nyingi za ufadhili wa tenisi kwa wasichana, na makocha wake hutafuta wachezaji dunia nzima. Mtoto ambaye hatafika hata 500 bora anaweza kutoka huko na shahada bila deni. Kwa hiyo Kiingereza na hesabu za huyo binti zisiachwe nyuma hata wiki moja.

Kwa sasa ana miaka 9, usimpe raketi ya kaka yake. Itamzidi uzito na kumharibia mkono. Mtafutie ya inchi 25, na mipira laini ya rangi ya machungwa, si ya njano ya kawaida. Wewe ni fundi wa viwanja: mchoree kwa chokaa uwanja mdogo ndani ya ule mkubwa, ushushe wavu kidogo, aanze kucheza mechi badala ya kurusha mpira tu. Akifika miaka 10 umbadilishie mipira ya kijani, kisha uniandikie tena uniambie anapigaje.